Sura ya 6: Baa Isiyo na Kibao

Mtu akisikia kwa mara ya kwanza kwamba New York kuna baa ambayo mlango wake ni kibanda cha simu ndani ya duka la soseji, huuliza swali lilelile: kama ina leseni na inalipa kodi, inajificha nini?

Ni swali la haki. Baa tuliyoizoea sisi ina kibao cha kampuni ya bia, taa za rangi, na spika iliyogeuziwa barabarani ili hata anayepita kwa bodaboda ajue kuwa ndani kuna watu. Wahenga walituambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kuhusu kinachojificha hawakutuachia neno.

Tutalijibu swali hilo kwa kurudi kwanza Marekani ya miaka ya 1920, ambako kujificha kulikuwa na sababu, kisha tuje kwenye baa za leo zilizoiga milango ile. Mwishoni utapata mwongozo mfupi wa kuzitembelea. Nawe usiyekunywa pombe, usiiruke sura hii. Humu mna habari za milango, sauti na adabu za mgeni kuliko habari za glasi.

Jina lenyewe limebeba jibu

Wamarekani huziita baa hizi "speakeasy". Kwa maana yake ya zamani, neno hilo ni onyo: sema taratibu, usije ukasikika nje. Katika sura hii nitaziita baa za mnong'ono.

Jina hilo lilikuwepo hata kabla ya marufuku iliyolipa umaarufu. Mwishoni mwa miaka ya 1880, jimbo la Pennsylvania lilipandisha ada ya leseni ya kuuza pombe mijini kutoka dola 50 hadi dola 500. Wenye fedha walilipa. Wasiokuwa nazo walifunga mlango wa mbele, wakafungua wa nyuma, na kuwaomba wateja wapunguze sauti. Baa ya mnong'ono ilianza, basi, kama biashara ya mtu aliyeshindwa leseni. Msomaji anayemjua mama pima, yule anayeuza chang'aa au gongo kwa kipimo uani kwake huku mtoto akilinda njia, amekwishaielewa nusu ya historia hii.

Miaka 13 ya marufuku

Tarehe 17 Januari 1920, Marekani nzima iliingia katika marufuku ya pombe. Iliwekwa ndani ya Katiba yenyewe kwa Marekebisho ya 18, na utekelezaji wake ukaelezwa katika Sheria ya Volstead. Kinywaji chochote chenye kilevi cha zaidi ya nusu ya asilimia 1 kilihesabiwa kuwa pombe, hivyo hata bia nyepesi haikupona.

Walioipigania hawakuwa wendawazimu. Fikiria fundi wa kiwandani anayepokea mshahara Jumamosi jioni. Kati ya kiwanda na nyumba yake kuna baa kadhaa, na nyingi zinafadhiliwa na viwanda vya bia. Akifika nyumbani, mfuko ni mwepesi na hasira ni nzito. Wanawake na makanisa walipambana na hali hiyo kwa miongo mingi, na chama cha Anti-Saloon League kikajifunza kuwaangusha wanasiasa waliokipinga. Marekani ilipoingia vitani dhidi ya Ujerumani mwaka 1917, wenye viwanda vya bia, wengi wao wakiwa na majina ya Kijerumani, walikosa wa kuwatetea.

Ila sheria ilikuwa na umbo la ajabu. Ilikataza kutengeneza, kuuza na kusafirisha pombe. Kunywa hakukukatazwa. Aliyejaza stoo yake kabla ya Januari 1920 aliruhusiwa kunywa nyumbani kwake hadi chupa ya mwisho. Daktari aliweza kuandika wiski kama dawa, na kanisa likaendelea kupata mvinyo wa ibada. Kwa hiyo tajiri alikunywa kwa amani, mgonjwa mwenye daktari mwelewa akanywa kwa cheti, na mtu wa kawaida akatafuta mlango usio na kibao.

Tundu, kadi na ukuta unaofunguka

Hodi ya wakati ule ilikuwa na utaratibu wake. Unagonga. Kitundu kinafunguka, jicho linakutazama. Unataja jina la aliyekutuma, au unaonyesha kadi, au unatamka neno la siri. Ukitiliwa shaka, kitundu kinafungwa na unabaki na ukuta.

Kulikuwa na kila sababu ya kutilia shaka. Mjini New York, wakala wa serikali aliyeitwa Izzy Einstein, aliyekuwa karani wa posta kabla ya kazi hiyo, aliingia katika baa za siri akiwa amejigeuza kila aina ya mtu, mara nyingi pamoja na mwenzake Moe Smith. Ndani ya mfuko wa kizibao chake alishona mrija ulioingia kwenye chupa iliyofichwa. Alimimina humo kinywaji alichouziwa, na ushahidi ukawa tayari. Hadi wawili hao walipoachishwa kazi mwaka 1925, walikuwa wamekamata watu karibu 5,000.

Wenye baa nao hawakulala. Mfano maarufu ni klabu ya 21 ya Jack Kreindler na Charlie Berns, iliyohamia mtaa wa 52 magharibi mwaka 1930. Nyuma ya kaunta, rafu za chupa ziliweza kupinduliwa kwa kuvuta wenzo, chupa zikatumbukia kwenye bomba na kupasukia chini. Stoo kuu ilikuwa nyuma ya mlango uliofanana kabisa na ukuta wa matofali, wenye uzito wa takribani tani 2, uliofunguliwa kwa kuchomeka waya mrefu kwenye tundu moja dogo. Uzuri wa hila yenyewe ni huu: stoo hiyo ilikuwa chini ya jengo la jirani, namba 19. Mhudumu akiulizwa kama kuna pombe ndani ya namba 21, aliweza kujibu hapana bila kusema uongo.

Makadirio ya polisi ya mwaka 1929 yalitaja baa za siri takribani 32,000 mjini New York pekee. Siri inayojulikana na watu wengi hivyo haiishi kwa kunong'ona tu. Iliishi kwa bahasha, yaani hongo kwa askari wa zamu, na kwa magenge yaliyoleta mzigo na kudai mgao wake.

*Kwa ufupi:*
- *Marufuku ilidumu kuanzia Januari 1920 hadi Desemba 1933.*
- *Kosa lilikuwa la muuzaji, hivyo aliyehitaji kujificha zaidi alikuwa mwenye baa.*
- *Neno la siri lilikuwa chujio: kumtenga wakala na mteja.*

Kilichokuwa ndani ya glasi

Picha za sinema hutuonyesha muziki wa jazi, shanga na vicheko. Harufu hazituletei. Pombe nyingi ya wakati ule ilikuwa mbaya. Watu walichanganya spiriti, maji na ladha za mimea majumbani mwao, wakapata kilichoitwa jini ya bafuni. Neno "jini" katika Kiswahili lina maana nyingine, na kwa walionywea gizani, hiyo nyingine ndiyo iliyokuwa karibu na ukweli.

Spiriti hiyo mara nyingi ilikuwa ya viwandani. Ili isinywewe, serikali iliagiza ichanganywe na sumu, hasa methanoli, kilevi kinachofanana kwa macho na pombe ya kawaida lakini kinachoua mishipa ya macho, kisha mtu mwenyewe. Magenge yaliajiri wakemia waitoe sumu. Serikali ikaiongeza kuanzia mwaka 1927. Charles Norris, mkuu wa uchunguzi wa vifo mjini New York, aliilaumu serikali hadharani na kueleza kwamba wanaokufa zaidi ni maskini, wasioweza kununua kilicho salama.

Hapo hatuzungumzii Marekani peke yake. Novemba 2000, jijini Nairobi, pombe haramu yenye methanoli iliua zaidi ya watu 100, wengi wakiwa wakazi wa mitaa ya mabanda. Kinywaji kilijulikana kama kumi kumi, kwa sababu glasi iliuzwa shilingi 10. Sayansi ni ileile na sababu ni ileile: kinachouzwa gizani hakina wa kukipima. Ukiingia katika baa ya kisasa yenye taa hafifu na picha za majambazi wa Chicago ukutani, kumbuka kwamba giza la kwanza halikuwa pambo.

Ubaya huo wa pombe ulisaidia kukuza kokteli, yaani kinywaji cha mchanganyiko wa pombe na vitu kama ndimu, asali au sharubati. Kokteli zilikuwepo tangu karne ya 19, ila sasa zilipata kazi mpya ya kuficha ladha kali. Bees Knees, ya jini, limau na asali, huhusishwa na miaka hiyo, na utaikuta kwenye orodha ya vinywaji ya baa nyingi za mnong'ono za leo.

Waliofunguliwa na waliofungiwa

Jambo moja lililobadilika ni nani anakaa na nani. Baa za kabla ya 1920 zilikuwa za wanaume. Mwenye baa ya siri, akiwa amekwishavunja sheria kubwa, hakuona sababu ya kulinda desturi ndogo. Wanawake wakaingia, wakakaa mezani, wakacheza. Baadhi wakawa wenyeji wa nyumba, kama Texas Guinan, aliyetawala usiku wa New York kwa sauti na mzaha.

Lakini mlango uliofunguliwa kwa mmoja ulifungwa kwa mwingine. Cotton Club ya Harlem, iliyomilikiwa na jambazi Owney Madden, iliwaajiri wanamuziki na wachezaji Weusi, akiwemo Duke Ellington kuanzia mwaka 1927, huku wateja wakiwa Wazungu. Duke aliweza kuongoza bendi humo. Majirani zake wa Harlem hawakuweza kuketi wamsikilize. Chujio la mlangoni halikuwahi kuchuja mawakala pekee.

Mdororo wa uchumi ulioanza 1929 ndio uliovunja marufuku. Serikali ilihitaji kodi na watu walihitaji kazi. Tarehe 5 Desemba 1933, Marekebisho ya 21 yalipitishwa. Vibao vikarudi, na baa ya mnong'ono ikakosa sababu ya kuwepo.

Kibao kilivyoondolewa tena

Ungetarajia kwamba aliyezifufua alikuwa shabiki wa Al Capone, jambazi wa Chicago wa miaka ile ya marufuku. Haikuwa hivyo.

Mwaka 1993, katika mtaa wa East Village mjini New York, ilifunguliwa baa ndogo ya Kijapani iitwayo Angel's Share. Mlango wake ulikuwa ndani ya mgahawa, bila tangazo. Kundi lisizidi watu 4. Hakuna kusimama: usipopata kiti, huingii. Utaratibu huo ulitoka katika utamaduni wa baa za Tokyo, ambako chumba chenye viti vichache kwenye ghorofa ya juu ni jambo la kawaida, na mchanganyaji wa vinywaji hufanya kazi yake kwa utulivu wa fundi saa.

Kijana mmoja, Sasha Petraske, alivutiwa. Mkesha wa kuingia mwaka 2000 alifungua baa yake, Milk & Honey, katika Eldridge Street. Mtaa ulikuwa wa makazi, juu ya baa walilala watu, na Petraske hakutaka wasumbuliwe. Hakuweka kibao. Namba ya simu haikutangazwa. Ulipewa na aliyekwishafika. Ndani kulikuwa na kanuni zilizoandikwa: hakuna kelele, hakuna kupigana, hakuna kutajataja majina ya wakubwa unaowajua, wanaume wavue kofia. Mwanamume hakuruhusiwa kujitambulisha kwa mwanamke asiyemjua. Mwanamke akitaka mazungumzo, yeye ndiye alianzisha, au alimwomba mhudumu wa kaunta awatambulishe.

Zisome tena kanuni hizo. Hakuna hata moja inayohusu polisi. Ni adabu ambazo mgeni angefundishwa na bibi yake kabla ya kwenda kwa watu. Petraske alifariki mwaka 2015 akiwa na umri wa miaka 42, na wengi wa waliofanya kazi chini yake wamefungua baa zao katika miji mbalimbali, wakibeba barafu safi, vipimo sahihi na sauti ya chini.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali letu. Mwaka 1925 kelele zilileta askari. Mwaka 2000 kelele zilileta hasira za jirani. Katika nyakati zote mbili mlango ulifichwa kwa ajili ya watu walio nje, na walio ndani wakaombwa kitu kilekile: semeni taratibu.

Siri inapogeuka bidhaa

Kisha wakaja walioona kwamba mlango wenyewe unauzika. Mama akiweka sahani mbili mezani, moja wazi na nyingine imefunikwa kawa, mtoto ataifuata ya kawa hata kama zote zina wali uleule.

Mwaka 2007 ilifunguliwa PDT katika mtaa wa St. Marks Place, New York. Jina ni kifupisho cha maneno yenye maana ya "tafadhali usimwambie mtu". Unaingia duka la soseji la Crif Dogs, unajibana kwenye kibanda cha simu, unainua mkono wa simu, na ukiwa na nafasi, ukuta wa nyuma unafunguka. San Francisco, Bourbon & Branch ya mwaka 2006 huwapa wateja neno la siri wanapoweka nafasi, na ndani kuna chumba kingine nyuma ya kabati la vitabu. London, mtaa wa Spitalfields, unaomba kuonana na Meya katika mgahawa wa kifungua kinywa, kisha unapita katikati ya friji. Kwenye Evans & Peel, Earl's Court, unaketi mbele ya "mpelelezi" na kueleza kesi yako kabla ya kabati kufunguka. Buenos Aires unashukia Florería Atlántico kupitia duka la maua. Barcelona, Paradiso iko nyuma ya mlango wa friji wa duka la sandwichi za nyama, na mwaka 2022 ilitajwa kuwa ya kwanza katika orodha ya baa bora 50 za dunia. Miaka 2 baadaye nafasi hiyo ilikwenda Mexico City, kwa Handshake Speakeasy, yenye mnong'ono ndani ya jina lake.

Siri gani hiyo yenye tuzo na foleni? Ni mchezo, na wachezaji wote wanajua ni mchezo. Lakini una hesabu zake. Chumba cha nyuma hakigharimu sawa na duka la barabarani. Viti vichache vinapangwa kwa saa. Anayefika amedhamiria, hajapotea njia, hivyo atalipa. Na akitoka atasimulia, jambo ambalo hakuna bango lingemfanyia mwenye baa.

*Kwa ufupi, kuna kujificha kwa namna 3:*
1. *Kwa hofu: baa za 1920 hadi 1933, na uani kwa mama pima.*
2. *Kwa adabu: Angel's Share na Milk & Honey.*
3. *Kwa maonyesho: vibanda vya simu, friji na maduka ya maua.*

*Baa nyingi za leo zina kidogo cha ya pili na kingi cha ya tatu.*

Ukitaka kwenda

- Weka nafasi mapema. Nyingi hupokea maombi mtandaoni. Neno la siri, kama lipo, hutumwa pamoja na uthibitisho. Linasomwa kwenye simu. Hakuna haja ya kulikariri.
- Beba pasipoti. Marekani, umri halali wa kunywa ni miaka 21, na mvi zako si kitambulisho. Uingereza ni miaka 18.
- Nendeni mkiwa wachache. Watu 2 wanapata viti haraka. Kundi la watu 8 hukataliwa kwenye baa nyingi ndogo.
- Hesabu bei yote. New York, kokteli moja mara nyingi ni karibu dola 20. Glasi 2 ni dola 40, na bakshishi ya asilimia 20 inaongeza dola 8, kodi bado. Marekani bakshishi ni sehemu kubwa ya kipato cha mhudumu, si hisani. London, angalia kwanza kama imeshawekwa kwenye bili.
- Mweleze mchanganyaji unachopenda. Usipojua majina, sema tu: chachu au tamu, kali au nyepesi, yenye tangawizi au isiyo nayo. Ndiyo kazi yake, na huipenda.
- Usiyekunywa, agiza bila aibu. Kokteli zisizo na kilevi sasa hutengenezwa kwa uangalifu uleule. Taja wazi kwamba hutaki hata tone, kwa kuwa baadhi ya viungo huwa na kilevi.
- Simu iwe mfukoni. Piga picha ya glasi yako ukiruhusiwa. Nyuso za watu wengine ziache.
- Panga safari ya kurudi kabla ya glasi ya kwanza.

Kipimo cha sauti

Ukishaingia, utajuaje kama uko katika baa ya mnong'ono au katika baa ya kawaida yenye mlango wa kuchekesha? Usiangalie kabati la vitabu wala picha za majambazi. Subiri mlango ufungwe nyuma yako, kisha jisikilize unapoongea neno la kwanza. Kama umelazimika kupiga kelele ili mwenzako akusikie, umelipia friji. Kama sauti yako imeshuka yenyewe bila kuambiwa, na meza ya jirani nayo imeshusha yake, basi umefika.

Kwetu hilo si geni sana. Anayepiga hodi huita kwa nguvu akiwa nje, ili asikike ndani. Akishakaribishwa, akavua viatu na kukaa mkekani, hakuna anayemwambia apunguze sauti. Anaipunguza mwenyewe, kwa sababu yumo nyumbani mwa watu.